Wageni Walikaa D

Siku tuliyokuwa tunagawa vyombo vya marehemu mama, nyumbani Sekei, mama mdogo alitoa kikombe kabatini, akakigeuza, akakisogeza dirishani penye mwanga.

"Hee! Hivi si ndivyo vile vya harusi yake? Vyenye ukingo wa dhahabu?"

Nikamwambia ndivyo.

"Na dhahabu imekwenda wapi?"

Akatoa kingine, na kingine. Vyote vilikuwa vyeupe tupu, midomo imelika kwa kuoshwa, kimoja kimevunjika mkono. Akaenda jikoni, akafungua kabati la chini, akarudi amebeba vikombe vyetu vya plastiki, vya kijani na vya rangi ya chungwa, bado vinang'aa kama vimetoka dukani jana. Akavipanga mezani pande mbili, akanitazama.

"Dada yangu alikuwa anapokea wageni gani hawa wasioisha?"

Nilikuwa nimeingiza kichwa kabatini kutoa sahani, na mle ndani kulikuwa na harufu niliyoijua: mbao, majani ya chai, na vumbi lililopata moto. Hilo vumbi ni la kompyuta. Kompyuta yenyewe iliondoka nyumbani zamani, lakini ilikaa ubavuni mwa kabati lile muda mrefu, ikipuliza joto lake kwenye mbao. Mimi si mtu wa kulia. Hata msibani watu walikaa wakinisubiri nilie, wakachoka, wakaenda kula. Nilisimama tu na sahani mkononi, sihisi chochote, nikijua jibu la swali la mama mdogo na nikiona uvivu wa kulisema. Mdogo wangu Elibariki alikuwa nje anafunga magodoro kwenye gari, kwa hiyo hapakuwa na wa kunisaidia kulisema.

Kama ulikua miaka ile, nyumba zetu unazijua. Kilichokuwa kizuri kilikuwa cha mgeni. Sofa ilivikwa vitambaa vya kufuma na sisi tukakaa chini. Kuku alichinjwa akija mgeni, na paja halikuwa letu. Mgeni akilala, mimi na Elibariki tulihamishwa kitandani bila kuulizwa, tukatandikiwa jikoni, na asubuhi mgeni akishaondoka tulirudi kitandani kwetu tukakuta mto unanukia sabuni ya mtu mwingine. Hatukuona kwamba tumeonewa. Mama alisema kitu cha mtu ni amana, na mtu mwenyewe akiwa chini ya paa lako ni amana zaidi. Ukimuuliza sisi je, alikuwa na jibu moja: "Sisi tupo tu."

Alikuwa mpiga chapa katika kiwanda cha umma. Kiwanda kikauzwa kama vilivyouzwa vingine, wenye mali wapya wakaja na watu wao, na mama akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake na viatu vya ofisini ndani ya mfuko wa plastiki. Ndugu wa kijijini kwa baba, Akheri, walimshauri anunue ng'ombe wa maziwa. Yeye akanunua kompyuta iliyotumika, kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa amemaliza mkataba na anauza mpaka mapazia. Ikawekwa sebuleni, pembeni ya kabati la vyombo, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama redio. Nje ukutani baba aliandika kwa rangi: TUNACHAPA KADI, RATIBA, KATIBA, BARUA. Mama hakuigusa bila kunawa mikono, na sisi tulivua viatu mlangoni, maana matope ya Sekei wakati wa mvua hayana adabu.

Watu wakaja. Miaka ile kila mtu alikuwa anaanzisha kitu: kikundi cha akina mama, kampuni ya utalii yenye gari moja, chekechea, kwaya inayotaka kurekodi kanda. Wote walitaka karatasi iliyochapwa, na mama akawa anachapa mpaka vidole vinamuuma, printa inakereza mchana kutwa.

Kisha mashine ikagoma. Iliwaka bluu yenye maandishi meupe, ikakaa hivyo hivyo. Mama akamwita fundi, kaka Wilbard, kijana wa Kichaga aliyesomea mambo hayo Nairobi na kurudi na mkoba wa diski za flopi. Wilbard akasema hakuna namna, inabidi afute kila kitu aweke Windows upya. Kikafutwa kila kitu, na ndani yake kadi za harusi za binti wa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tayari zimechapwa majina yote ya waalikwa, zimebaki kutolewa tu. Mzee yule alikuja akasimama mlangoni. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema, "Mama Nuru, mimi nilikuamini," akageuka, akaondoka. Mama hakula siku ile. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ndipo akamuuliza Wilbard kama hakuna dawa ya jambo lile lisitokee tena.

"Ipo," Wilbard akasema. "Diski yako sasa hivi ni kama nyumba ya chumba kimoja, mama. Windows imelala humo, kazi zako zimelala humo. Windows ikiharibika, nikiitoa natoa na kazi. Nitakujengea ukuta katikati. Upande huu unaitwa C, ni wa Windows. Upande huu D, ni wa mali yako. Siku Windows ikileta matata nafuta C peke yake. D siigusi, hata mlango sifungui."

"Na D hakipotei kitu?"

"Labda diski yenyewe ife. Weka mali yako D, ulale usingizi."

Mimi nilikuwa chini kwenye zulia nikisikiliza, na nilielewa vizuri kabisa, kwa akili yangu. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili. Wilbard alipoondoka niliweka sikio kwenye lile sanduku, nikasikia ndani kunazunguka kitu, nikajua wenye vyumba wamo.

Mama naye alielewa kwa akili yake. Mali yake ilikuwa nini? Ilikuwa amana za watu. Aliviweka vya wateja vyote D, kila mteja na folda yake na jina lake: kwaya, chekechea, mzee wa vifaa vya ujenzi. Na vya kwetu? "Sisi tupo tu," akasema, "tutabanana huku huku." Folda yetu aliiacha kwenye kioo, pale mbele, ukiwasha tu unaiona, akaiita KWETU. Humo mlikuwa na michoro yangu ya nyumba yenye Mlima Meru nyuma, jina la Elibariki kwa rangi zote zilizokuwepo, na zamu za kuosha vyombo ambazo hakuna aliyezifuata. Halafu ikaingia sauti ya baba.

Baba alikuwa dereva wa watalii. Alikuwa akirudi kutoka porini ana vumbi mpaka ndani ya masikio, anaoga maji ndoo nzima na bado taulo linatoka jekundu. Ila wakati ninaousema alikuwa nyumbani tu, amevaa sweta, anaumwa. Sisi tuliambiwa ni malaria. Spika za kompyuta zilikuja na maiki ndogo ya kusimamisha mezani ambayo hakuna aliyejua kazi yake, na Jumamosi moja ya mvua baba akaamua kuijua. Alibonyeza hapa na pale, akaikoholea, akasema:

"Halo, halo. Mama Nuru, hiki kitu kinasikia? Kinasikia? Haya. Hapa ni Sekei. Mvua inanyesha. Elibariki anakula andazi la dada yake. Nuru, njoo useme. Njoo basi. Hataki. Haya, mvua inanyesha, tuko nyumbani wote, chai inachemka, Mama Nuru anasema nisi..."

Hapo ilikatika. Mashine ilikuwa na kipimo chake, ikifika mwisho inakata yenyewe, hata uwe katikati ya neno. Nyuma ya sauti yake unasikia mvua kwenye bati, na mama anacheka mbali, jikoni. Mimi sisikiki. Nilikuwa nyuma ya pazia nimejiziba mdomo kwa kitambaa chake.

Baba alifariki mvua zile zile hazijaisha. Tulimzika Akheri, chini ya migomba ya babu, na gari lililotupeleka lilinasa njiani, watu wakashuka kusukuma na nguo zao za msiba. Baba mdogo ndiye aliyeagiza ratiba ya mazishi, na mama ndiye aliyeichapa, kwa sababu nani mwingine angeichapa? Aliichapa bila kukosea hata herufi moja. Akaihifadhi D, kwenye folda yenye jina la baba mdogo, kwa kuwa ilikuwa kazi ya mteja.

Baada ya hapo kila Jumapili, tukitoka kanisani, kabla ya chakula, mama alikuwa anafunua kitambaa, anawasha kompyuta, tunakaa chini watatu, anafungua KWETU. Baba anatuambia mvua inanyesha. Alituambia hivyo hata siku za jua kali, na Elibariki, ambaye alikuwa bado mdogo sana, kila mara aliinuka kwenda dirishani kuangalia. Kila mara pia baba aliniambia mimi nije niseme, na kila mara akasema sitaki. Mama hakulia. Ikikatika alizima, akafunika kitambaa, akaenda kukoroga loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando. Ndivyo tulivyoomboleza sisi, kama kuomboleza ndiko huko.

Sijui ulikuwa mwezi gani mashine ilipogoma tena. Ilianza kuganda, unabonyeza hapa inafikiri, unabonyeza pale inafikiri, mpaka siku moja ikarudi kwenye ile bluu. Safari hii mama hakuogopa. Alimwita Wilbard kama mtu anayemwita fundi bomba. Wilbard akaja, akavua viatu, akakaa, akajaribu hili na lile, akatingisha kichwa.

"Nafuta C, mama. Kuna kitu chako C?"

"Hakuna, mwanangu. Kazi za watu zote ziko D."

"Una hakika?"

"Nilikosea mara moja, mara mbili sikosei."

Nilikuwepo pale. Nilisikia swali na nilisikia jibu, na moyo wangu haukushtuka hata kidogo, maana hata mimi nilijua kazi za watu ziko D. Wilbard akaingiza flopi, kisha CD, akabonyeza. Kwenye kioo namba zikaanza kupanda polepole. Mama akaenda jikoni, akachemsha chai ya maziwa, akafungua kabati, akatoa kikombe cha ukingo wa dhahabu, kwa kuwa Wilbard alikuwa mgeni, akamtengea na mkate.

Ilichukua muda mrefu. Ilipowaka tena, ikiwa na ule mlio wake wa kuamka, Wilbard alifungua D, na kweli, kila kitu kilikuwepo. Kwaya ilikuwepo. Chekechea ilikuwepo. Mama alipiga makofi mara moja, akasema, "Asante Yesu." Aliteremka na folda zile moja baada ya nyingine akiwasoma wateja wake majina, na la baba mdogo likiwemo. Kisha Wilbard akafunga, tukabaki na kioo kitupu, rangi ya kijani kibichi cha maji ya bwawa, hakina kitu ila vile vijipicha vya Windows pembeni.

"Na KWETU iko wapi?" mama akauliza.

"KWETU ipi, mama?"

"Ile iliyokuwa hapa mbele. Ukiwasha unaiona."

Wilbard aliweka kikombe chini. "Ilikuwa hapa kwenye kioo? Mama, vya kwenye kioo viko C."

"Lakini ilikuwa hapa mbele."

"Hapa mbele ndiyo C." Akamgeukia. "Nilikuuliza, mama."

"Ndiyo. Uliniuliza."

Wilbard alianza kubonyeza haraka haraka, akatafuta huku na huku, akasema kuna programu anaweza kuazima mjini, akasema lakini Windows mpya imeshalala juu ya ile ya zamani, akasema atajaribu. Alikuwa kijana tu, masikio yamemwiva. Mama alimwangalia muda, halafu akamsogezea kikombe.

"Kunywa chai, mwanangu. Itapoa."

Alirudi na hiyo programu, na hakupata kitu. Ratiba ya mazishi ya baba ilikuwa salama, imenyooka, haina kosa la herufi. Kifo chake kilikuwa na chumba kizuri. Yeye mwenyewe tulimweka na sisi, na kwetu ndiko kulikofutwa.

Ungetegemea niseme kwamba nililia. Sikulia, kwa sababu sikujua kwamba amepotea. Mimi nilijua utaratibu wa nyumba. Wageni wakija, wenyewe wanapisha, wageni wakiondoka, wenyewe wanarudi. Wateja walikuwa wamejaa D, baba amehamishwa, amelazwa mahali, jikoni huko kwa kompyuta, na akiisha kupata nafasi atarudi mahali pake atuambie mvua inanyesha. Kilichobaki ni wateja waondoke. Nikaanza kuwaondoa. Akija mtu kuulizia kadi, namfungulia mlango kabla hajabisha, namwambia, "Shikamoo. Kazi yako imeisha, mama anasema uchukue yote." Mama alinifinya kwa ajili hiyo, sikuacha.

Alikuja mwinjilisti wa mtaa wetu kuchapiwa barua ya kuomba mabati ya kanisa. Mama anachapa, yeye amekaa kwenye sofa na kikombe cha dhahabu mkononi. Nikamsimamia mbele.

"Shikamoo. Barua yako ikiisha utaondoka nayo?"

"Marahaba. Kwani unanifukuza, mwanangu?" Akacheka.

"Usiiache humo D. Wageni wakitoka D, baba atarudi."

Vidole vya mama vikasimama juu ya kibodi.

"Nani kakwambia hivyo?" akauliza, hakugeuka.

"Si siku zote wageni wakiondoka tunarudi kulala kwetu?"

Mwinjilisti aliangalia chai yake. Mama alikaa hivyo, mgongo umetuelekea, kisha vidole vikaanza tena. Aliimaliza barua yote, akaitoa, akaisoma, akaikunja vizuri, akamsindikiza mwinjilisti mpaka barabarani kama ilivyo desturi. Aliporudi alinawa mikono. Akafungua kabati.

Alitoa vikombe vya dhahabu, akaviweka kwenye meza ndogo. Alitoa vinne, akakaa akiviangalia, akarudisha kimoja. Akamimina chai.

"Nani anakuja?" Elibariki akauliza.

"Hakuna anayekuja."

"Sasa hivi vikombe?"

"Kunywa, wee."

Elibariki alikishika kwa mikono miwili akiogopa. Mimi nilikunywa. Chai haikuwa na ladha ya plastiki. Hilo tu ndilo nililoliona, na ndipo nikajua kwamba baba harudi, ingawa siwezi kukueleza kikombe kiliniambiaje. Mama alituangalia tukinywa mpaka mwisho, kisha akanywa chake, kimesimama utando juu.

Vile vya plastiki havikutoka tena jikoni, ila kwa wageni. Mchungaji alinywea kijani. Shangazi zetu wa Nduruma walinywea chungwa, wakaenda kusema mjane amechanganyikiwa. Mama hakujieleza kwa mtu. Kule D alifungua KWETU nyingine, ya kwanza kwenye orodha, juu ya wateja wote, ikakaa tupu muda mrefu kwa sababu hatukuwa tena na cha kuweka. Baadaye nilichora nyumba na mlima nyuma, akaniambia niweke humo. Nikaweka. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na watu wote wako kimoja.

Basi, hilo ndilo jibu la mama mdogo, na mwishowe nilimpa, kwa kifupi.

"Wageni wenyewe ni mimi na Elibariki," nikasema.

Alidhani natania. Aliponiangalia vizuri akaacha kucheka, akavisogeza vikombe pembeni taratibu. "Basi hivi vilivyochakaa tutupe," akasema, "mgawane vya plastiki, bado vizima." Nikamwambia hapana, vilivyochakaa nachukua mimi. Nikaenda kuchemsha chai ili tuvinywee palepale.

Maneno ya baba ninayo yote mpaka leo, umeyasoma hapo juu, sijakosea hata moja. Sauti sina. Nimeitafuta kichwani miaka yote, nasikia bati, nasikia mama anacheka jikoni, ila pale panapotakiwa kuwa na sauti ya mtu pako kimya. Nimeshazoea. Ni kama jino lililong'oka zamani, ulimi unapita tu.

Tulikuwa tunamimina chai wakati bati lilipoanza kugonga. Elibariki aliingia kutoka nje, mtu mzima mwenye ndevu sasa, anajipangusa mabega kwa mkono. "Mvua inanyesha," akasema, "tuyashushe magodoro."

Mama mdogo aliacha birika hewani. "Jamani," akasema polepole. "Shemeji kabisa. Sauti ya shemeji kabisa, kama amesimama hapo."

Nikamtazama mdogo wangu. Sikuwa na namna ya kuhakikisha.

"Sema tena," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Kwamba mvua inanyesha."

"Si unaiona, dada?"

"Sema tu."